Ukipangiwa Kibondo usilie: mambo ya kuona na kufanya Kasulu na Kibondo

Nimepotea, najua. UE zilitubana, bumu nalo likachelewa, mtu unashindwa hata kufikiri sawasawa. Sasa tumepumua kidogo, tuendelee.

Hapa Mlimani wiki hii habari ni moja tu: vituo vya BTP. Kwa msioelewa, BTP ni mazoezi ya kufundisha. Sisi wa ualimu tunasambazwa mashuleni nchi nzima tukashike chaki kwa wiki kadhaa. Waliopata Dar, Arusha na Mwanza wanacheka mpaka jino la mwisho. Waliochelewa kujaza na kuangukia Kasulu na Kibondo wamekaa kwenye vimbweta kama wamefiwa. Mmoja wao, mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, kaniuliza: "Kaka, hivi huko Kibondo kuna nini?"

Mimi ni mtoto wa Kasulu. Swali hilo nimeulizwa tangu siku ya kwanza nafika Dar na tranka langu. Na anayeuliza mara nyingi anakuwa na jibu lake mfukoni tayari: wakimbizi, uchawi, mwisho wa reli. Safari hii nimeamua kujibu kwa urefu, ili wengine wote nikiwaona niwaelekeze huku.

Mwaka jana nilifundisha Kasulu, nyumbani kabisa, Historia na Kiswahili. Mwenzangu wa darasa, mimi humwita Mtanga kwa sababu kwao ni Korogwe, alifundisha Jiografia Kibondo. Mazoezi yalipoisha tulizunguka pamoja siku tano. Yaliyomo humu ndiyo tuliyoyaona, pamoja na jambo moja la Mtanga mwenyewe ambalo kanipa ruhusa nilisimulie.

Kwanza, kufika. Kuna njia mbili. Unaweza kuja na treni ya zamani ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha upande gari kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu, karibu kilomita 100. Au unakuja na basi kupitia Kahama na Nyakanazi, unaingia Kakonko, halafu Kibondo, halafu Kasulu. Zamani njia hii ilikuwa adhabu. Ukishuka ulikuwa mwekundu toka kope mpaka soksi, na masika gari lililala njiani watu wakakoka moto. Siku hizi lami imeingia, na wazee wanaishangaa kweli.

Ukitokea Kigoma, kaa upande wa dirisha. Watu wengi wakisikia Kigoma wanaona ziwa, mawese na dagaa. Wanafika Ujiji kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wanapanda boti kwenda Gombe kwenye sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960, wanageuza. Sawa, ni pazuri, sisemi kitu. Lakini huko ni bondeni! Waha wengi tuko juu. Gari likianza kupanda unaona vilima vinafuatana kama migongo ya ng'ombe waliolala, migomba, mihogo, nyumba za tofali za kuchoma, na baiskeli. Baiskeli za kwetu zina maisha yao: mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, matofali, hata mgonjwa. Na hewa inabadilika. Mtanga alikuja Kasulu na kanga moja nyepesi mwezi wa saba. Usiku wa kwanza alilala na koti langu!

Kasulu mjini, anza sokoni, na nenda na njaa. Maharage ya kwetu ya njano usiyale kwa haraka. Yakipikwa na mawese yakaiva vizuri, nyama haina cha kukuambia. Kuna ugali wa muhogo, ambao Mtanga siku ya kwanza aliutazama kama mtihani wa takwimu, siku ya tatu akaomba uongezwe. Kuna migebuka iliyopandishwa kutoka ziwani. Kuna kisamvu cha mawese. Na kama unakunywa, kuna lubisi, pombe ya ndizi. Kunywa kwa heshima, ile kitu inaingia kama juisi na kutoka kama askari.

Jambo la kuchekesha ni kahawa. Milima ya Manyovu, wilaya ya Buhigwe, ambayo mpaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kasulu, inalima kahawa nzuri inayosafirishwa nje. Lakini nyumbani kwetu mgeni anakaribishwa kwa chai. Mtanga aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kahawa kwetu ni ada ya shule, hainywewi. Nilisema kwa utani, halafu nikaona si utani.

Kwa sisi wa ualimu, Kasulu kuna vyuo viwili vya ualimu, Kasulu na Kabanga, vilivyozalisha walimu waliotapakaa nchi nzima. Pita ujionee. Kisha panda Heru Juu. Usitegemee geti, tiketi na kijana mwenye beji. Unakwenda kuona mahali. Zamani nchi ya Buha ilikuwa na falme kadhaa: Heru, Bushingo, Ruguru, Nkalinzi, Muhambwe na Buyungu. Kila moja ilikuwa na Mwami wake, na chini yake watwale. Muhambwe ndiyo Kibondo ya leo na Buyungu ndiyo Kakonko, na majina hayo yaliingia mpaka kwenye majimbo ya uchaguzi. Na mnaofikiri wanawake wameanza kutawala juzi, sikilizeni: miaka ya mwisho ya Mwingereza, Mwami wa Heru alikuwa mwanamke, Theresa Ntare. Serikali ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, lakini wazee wa Heru wakilitaja jina lake wanakaa vizuri kwanza.

Kitu kingine kinachosahaulika: sehemu hii haikutoka kwa Mjerumani kwenda moja kwa moja kwa Mwingereza. Wabelgiji waliishika kuanzia 1916 mpaka 1921. Kidogo tu mpaka ungechorwa kwingine, na leo ningekuwa nimesoma kwa Kifaransa. Nilipowaambia wanafunzi wangu hilo, darasa lililokuwa linasinzia liliamka lote. Mnaokwenda kufundisha Historia, chukueni hiyo bure.

Kutoka Kasulu kwenda Kibondo unavuka Mto Malagarasi. Mwambie dereva apunguze mwendo, wengi wanakubali ukiomba vizuri. Mtanga ndiye aliyenifundisha kuhusu mto wa kwetu wenyewe, maana yeye ndiye wa Jiografia. Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpaka wa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika. Lakini hauendi ziwani. Unalipa ziwa mgongo, unapanda kaskazini mashariki ukifuata mpaka, unageuka, unashuka kwenye mabwawa makubwa, halafu ndipo unarudi magharibi na kuingia ziwani kusini ya Kigoma. Yale mabwawa, Malagarasi-Muyovozi, yaliandikishwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania chini ya mkataba wa Ramsar, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 32,500. Humo kuna nzohe, swala anayeishi majini, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu ambaye wazungu wanasafiri dunia nzima kumtafuta. Pori la Akiba la Moyowosi lipo upande wa Kibondo. Kuingia kunahitaji kibali, gari imara na kiangazi, kwa hiyo kwa bumu letu usijidanganye. Sisi tulisimama kwenye daraja tukaangalia maji. Bure.

Sasa lile suala la wakimbizi, maana najua mnalisubiri. Ndiyo, kambi zipo na zimekuwepo. Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila ilikuwa ya Warundi, ikafungwa 2012. Vurugu za Burundi za 2015 zilipoanza, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huohuo, na Mtendeli ya Kakonko mwaka uliofuata. Mtendeli ilifungwa 2021, na tangu 2017 Warundi wengi wamerudishwa kwao. Naomba mnielewe: kambi si kivutio. Huingii bila kibali cha serikali, na hata ungekuwa nacho, mtu aliyekimbia kwao si wa kupigwa picha ya kupamba simu. Ukitaka kuelewa, ongea na wenyeji. Watakuambia habari ya miti iliyokatwa, ya masoko yaliyochangamka na kufa, ya watoto waliosoma nao dawati moja, ya ndoa. Mambo mengi kuliko yanayosemwa redioni.

Na kuna upande wake mwingine unaotugusa wenyeji. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu sana, mtu wa Kibondo na mtu wa ng'ambo wanapiga soga bila mkalimani. Kwa hiyo sisi tukiwa safarini tunaulizwa. Nilipokuwa nakuja chuo mwaka wa kwanza, bwana mmoja wa ukaguzi alipanda basi, akasikia lafudhi yangu, akaniomba kitambulisho. Nikampa. Akaniuliza nitaje mwenyekiti wa kijiji. Nikamtaja. Akaniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Abiria wengine thelathini na kitu walikuwa wanatazama madirishani kama hawasikii. Sikushushwa, namshukuru Mungu. Lakini mtu akikuuliza babu yako alizaliwa wapi kwenye nchi yako mwenyewe, unaikumbuka sauti yake.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Mtanga. Nilipomsimulia hilo, alinyamaza, halafu akasema: "Mimi babu yangu alizaliwa hukuhuku, na sijui wapi."

Jamani, tumekaa naye darasa moja miaka miwili sikujua! Babu yake mzaa mama alikuwa Muha, aliyefika Korogwe miaka ya 1950 kukata mkonge. Wakati ule Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na mashamba yalikosa watu. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu walizochota vijana. Walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Vijana walikwenda kutafuta hela ya kodi na ya mahari, wakiahidi kurudi baada ya mkataba. Wengi walirudi. Wengine walioa Kisambaa na Kibondei, wakalala hukohuko. Babu yake Mtanga alikufa kabla yeye hajazaliwa. Aliacha jina lake na nusu ya jina la kijiji. Mama yake Mtanga anakumbuka linaanza na "Kum".

Nilicheka, halafu nikajuta kumwona uso. Anayeijua Kibondo atanielewa. Ku- kwa Kiha ni kama "kwenye" ya Kiswahili, na vijiji vya huko vimejaa: Kumwambu, Kumsenga, Kumbanga, Kumkugwa... Ni sawa na kumtafuta mtu wa Dar ambaye jina lake ni Juma.

Siku mbili za mwisho tulizitumia hapo. Tulikodi bodaboda, tukaenda kijiji cha kwanza. Tulipelekwa kwa mzee mmoja mwenye koti zito, tukamwamkia, tukakalishwa kwenye kigoda. Mambo ya salamu kwetu hayaharakishwi. Unauliza nyumbani, ng'ombe, mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Mtanga akataja jina la babu. Mzee akauliza: "Ukoo gani?" Mtanga hajui. "Jina moja halitoshi, mjukuu wangu. Jina hilo hapa wanalo hata watoto." Mtanga akampigia mama yake simu. Mama akafikiri, akasema anachokumbuka ni kwamba baba yake hakuwahi kula nyama ya kondoo. Mtanga akaniangalia kwa matumaini kama amepata ufunguo. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wazee wa zamani wa huku wengi hawakula kondoo! Hata mimi sili."

Lakini hakutuacha hivyo. Alikaa, akaanza kuwataja wa rika la kaka zake walioondoka kwenda Tanga na Morogoro na hawakuonekana tena. Majina manne, mmoja mmoja, na wazazi wao, na nyumba zao zilipokuwa. La babu yake Mtanga halikuwemo. Kijiji cha pili nacho ilikuwa hivyohivyo, majina mengine, la kwake hakuna. Wakati wa kuondoka, bibi mmoja alimfungia Mtanga maharage kwenye kitambaa. Mtanga akasema, "Bibi, lakini si hapa." Bibi akajibu kwa Kiha, mimi nikatafsiri: "Kwani nimekuuliza?"

Kwa hiyo hatukupata. Nasema wazi ili msidhani nawapeleka kwenye sinema ya Kihindi.

Ila kabla ya hapo Mtanga alikuwa ameshafanya kitu darasani. Alikuwa amewaambia wanafunzi wake waandike vivutio vitano vya Tanzania. Wote wakaandika Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, Zanzibar, na wachache Gombe. Hakuna hata mmoja aliyeandika kitu cha Kibondo. Moyowosi iko wilayani kwao, hakuna! Mvulana mmoja akamuuliza, "Mwalimu, kwani huku kuna nini?" Swali lilelile la vimbweta, limeshafika mpaka kwa mwenye nyumba. Mimi hilo liliniuma kuliko yule bwana wa kwenye basi.

Basi tuliporudi kutoka vijijini, Mtanga alikwenda kuaga darasa lake akawaachia daftari kubwa la kurasa 200. Kila mwanafunzi akaulize nyumbani mambo mawili: mahali gani kijijini kwao mgeni angepaswa kupaona, na nani aliondoka kwenda mkonge akakosa kurudi. Mwalimu wa somo alikubali kulitunza. Mara ya mwisho alipotutumia picha, zilikuwa zimejaa kurasa 11. Kuna mti wa kutambikia, kuna kijito kisichokauka, kuna mwamba ambao watoto wanateleza. Na kuna majina. La babu bado.

Vitu vingine vya haraka haraka. Kibondo nunua asali, miombo ya huko inafuga nyuki wa uhakika, na ionje kabla hujalipa. Nenda Mabamba siku ya soko, karibu na mpaka wa Burundi, usikie Kiha na Kirundi vinavyopatana bei na uone faranga na shilingi zikibadilishana mikono. Mpaka usiuvuke kienyeji, una taratibu zake. Njoo Juni hadi Septemba, maana mvua zikianza mwezi wa kumi zinakwenda mpaka wa tano. Beba sweta. Beba kitambulisho, hata kama unatoka Moshi. Jifunze salamu: asubuhi "mwakeye", mchana na jioni "mwidiwe". Ukiitamka vibaya watacheka, lakini watakupa kiti. Usipige picha watu bila kuuliza. Na usiseme "nyie Waha mna uchawi" kwa utani. Tumeshausikia.

Kwa sensa ya 2022 mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2.5. Si kidogo. Wote hao wanafundishwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mgeni anayehesabu siku za kuondoka. Mimi mwakani nikimaliza nimeamua kuomba kazi Kibondo, si Kasulu kwa mama, maana kwa mama nitanenepa bure. Mama hajafurahi. Anasema mtoto anasomeshwa ili atoke. Tutaongea naye likizo.

Kwa hiyo wadogo zangu wa vimbweta, futeni machozi. Aliyepangiwa Kibondo anitafute kabla ya kuondoka nimpe jina la shule na la mwalimu anayetunza daftari. Ukifika, angalia ukurasa wa mwisho ulioandikwa, halafu waulize wanafunzi wako waendelee. Bado kurasa 189.

Haya, nina somo la saa moja asubuhi na sare ya kuazima. Alamsiki.